Mwenye Nakshi Akiingia Chumbani

Hotuba kwa wanafunzi wa ubunifu wa ndani, mafundi na wenye nyumba za wageni, Mji Mkongwe, Zanzibar

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mafundi, wenye hoteli na nyumba za wageni, na nyinyi wanafunzi ambao hasa ndio mlionileta: assalaam alaykum, na habari za jioni.

Niliombwa nizungumzie mapambo ya vyumba vya wageni, hasa yale yanayokusudiwa kumfanya mgeni ajihisi yuko mbali na kwao. Jambo lenyewe ni pana, nikaona afadhali nilishike kwa chumba kimoja. Chumba hicho kilikuwa London. Lakini meli iliyokizaa, ile meli ya kweli, ilitia nanga mwaka 1890 mahali ambapo Kiswahili kilikuwa kikisemwa, na baadhi ya waliokipeleka Kiswahili huko walikuwa wamepakiwa melini katika bandari hii hapa chini yetu. Ndiyo maana nimekileta hiki na si kingine.

Mwaka 2012, mwaka wa Olimpiki ya London, juu ya paa la ukumbi wa muziki uitwao Queen Elizabeth Hall, kando ya Mto Thames, watu waliona meli. Ilikuwa ndogo, ya mbao, imekaa juu ya zege tupu kana kwamba maji yalijaa mpaka huko, yakapwa usiku, yakaiacha. Ndani yake mlikuwa na chumba kimoja cha kulala watu wawili, na uliweza kukikodi kama chumba chochote cha hoteli, ila kwa usiku mmoja tu. Jina lake lilikuwa A Room for London. Kilibuniwa na ofisi ya msanifu majengo David Kohn pamoja na msanii Fiona Banner, baada ya shindano lililoletewa michoro mamia kwa mamia. Wenye mradi walikuwa Living Architecture, ambao hukodisha nyumba za mapumziko zilizosanifiwa na wasanifu wa kileo, wakishirikiana na shirika la sanaa la Artangel na Southbank Centre, wenyeji wa jengo. Nafasi za kulala zilipotangazwa zilimalizika upesi sana.

Wageni wakishafika, bendera ya baharini ilipandishwa mlingotini kuonyesha kwamba meli ina watu. Kutoka sitaha ya chini na ya juu waliweza kuutazama mto kuanzia jengo la Bunge na saa yake kubwa mpaka kuba la kanisa la St Paul's. Na mezani waliwekewa daftari la safari, lile ambalo nahodha huandika upepo, mkondo na kila kilichotokea zamu yake. Waliombwa waandike walichokiona dirishani na walichokiona chumbani. Lishikeni daftari hilo akilini, kwa sababu mimi naona ndilo pambo kubwa kuliko yote yaliyokuwamo.

Meli iliyotoa wazo iliitwa Roi des Belges, yaani Mfalme wa Wabelgiji, kwa heshima ya Leopold wa Pili. Ilikuwa meli ya mvuke ya kampuni ya Kibelgiji iliyofanya biashara sehemu za juu za Mto Kongo. Agosti 1890 iliondoka Kinshasa ikiwa na baharia mmoja Mpolandi, Joseph Conrad, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mkubwa kwa lugha ya Kiingereza. Wengi husema alikuwa nahodha wake. Ukweli ni kwamba nahodha alikuwa Mdenmarki aitwaye Koch. Alipougua, Conrad akashika usukani kwa muda mfupi wakati wa kurudi. Mwaka 1899 safari hiyo ilitoka kama hadithi, Heart of Darkness, na hadithi ikawa maarufu kuliko mto wenyewe.

Sasa tazameni mchezo aliocheza msanii. Fiona Banner si mtu aliyedonoa meli ya Kongo kwa sababu ina umbo zuri. Kwa miaka mingi alikuwa akifuatilia jinsi hadithi za vita na za safari zinavyosimuliwa na kusimuliwa tena. Aliwahi kutoa kitabu kinene cha kurasa elfu moja kinachoeleza kwa maneno, tukio baada ya tukio, filamu za vita vya Vietnam, mojawapo ikiwa Apocalypse Now ya mwaka 1979, ambayo iliichukua hadithi ya Conrad kutoka Kongo ikaihamishia Vietnam. Na Machi 2012, ndani ya chumba kile cha paani, mwigizaji Brian Cox aliigiza mswada wa filamu ambao mwongozaji filamu Orson Welles aliuandika kutokana na hadithi hiyohiyo na hakupata kuupiga picha. Watazamaji walikuwa ukumbini chini yake, wakitazama kwenye skrini.

Kwa hiyo hesabuni wenyewe. Mto ulitoka Kongo ukaingia kwenye karatasi, ukatoka kwenye karatasi ukaingia kwenye mswada usiopigwa picha, ukaenda Vietnam, ukaishia juu ya paa London. Kila unapobebwa unazidi kupendeza, na ukingo wake unazidi kuwa mtupu.

Nataka niwe mwadilifu kwa Bi Banner na Bwana Kohn, kwa sababu ni rahisi sana kusimama hapa nikawalaumu na nyinyi mkanipigia makofi. Walifanya jambo la akili. Hadithi ya Conrad yenyewe haianzii Kongo. Inaanzia Mto Thames, watu wamekaa ndani ya mashua wakingojea maji, na msimulizi anawakumbusha wenziwe kwamba mto huo nao wakati mmoja ulikuwa pori la kutisha machoni mwa Warumi waliokuja kuuteka. Chumba kile kilimchukua mkazi wa London, kikampandisha juu ya meli ya ukoloni, kikamwambia: haya, tazama mji wako kama mpelelezi, uandike. Ugeni uligeuzwa ukaelekezwa kwa mwenyeji. Mtu aliyezoea kusoma habari za mito ya wengine akaombwa aone kwamba wa kwake nao una matope, una mizimu na una wafanyabiashara.

Hiyo ni nusu ya kazi, na imefanywa vizuri. Nusu ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi, na ili niieleze inabidi niwapeleke kwanza mahali pengine.

Kusini mwa Uingereza, mji wa Brighton, kuna jumba liitwalo Royal Pavilion. Lilikuwa la starehe za mwanamfalme aliyekuja kuitwa Mfalme George wa Nne. Kati ya mwaka 1815 na 1822 msanifu John Nash alilivika umbo la Kihindi kwa nje, makuba na minara tele. Ndani, wapambaji Frederick Crace na Robert Jones wakalijaza Uchina: ngazi za chuma zilizosubiwa zikafanana na mianzi, kuta za rangi za maua na ndege, na katika ukumbi wa karamu joka linaloning'iniza thurea yenye uzito wa karibu tani moja. George hakuwahi kutia mguu India wala China. Alitaka ladha ya mbali, akailetewa, na mtu wa mbali hakuhitajika.

Karibu miaka mia ikapita. Malkia Victoria hakulipenda, akaliuzia halmashauri ya mji mwaka 1850. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na majeruhi wa jeshi la India waliokuwa wakipigana Ufaransa wakawa hawana pa kutibiwa. Desemba 1914 jumba lile likageuzwa hospitali yao. Wahindi wenyewe, Masikh, Wahindu na Waislamu, watu kutoka Punjab na kwingineko, wakalazwa kwa safu chini ya mathurea, ndani ya jumba lililojifanya la kwao.

Hapo ndipo mapambo yalipopata mtihani. Kuba halikumsaidia mtu. Ilibidi wasimamizi wajue nani anakula nini, na kimepikwa na nani. Wakajenga majiko tisa. Wakaweka mabomba ya maji mbalimbali, ya Waislamu na ya Wahindu. Wakaandika vibao kwa Kiurdu, Kihindi na Kipunjabi. Waliofariki miongoni mwa Wahindu na Masikh walichomwa kwa desturi zao kwenye vilima nje ya mji, na Waislamu wakazikwa Woking, karibu na msikiti. Zaidi ya wagonjwa 2,000 walipita pale kabla hospitali ile haijafungwa mwanzoni mwa 1916. Sisemi ilikuwa ihsani tupu. Wapiga picha waliletwa, kadi za posta zikauzwa, serikali ikapata la kujisifia mbele ya India, na askari wale hawakuwa na ruhusa ya kutoka mjini wapendavyo. Lakini kwa mara ya kwanza tangu lijengwe, jumba lililazimika kumuuliza mwenye nakshi jina lake na chakula chake.

Tangu nilipojifunza habari ile, nikiingia katika chumba chochote kilichopambwa kwa vitu vya watu wengine huwa nauliza swali moja. Mwenye nakshi akiingia hapa usiku huu, si kufagia bali kulala, je, chumba kilikuwa kikimtarajia?

Turudi sasa kwenye meli. Mwaka 1890 nani alikuwa ukingoni?

Kwanza walikuwako waliobeba meli zenyewe. Mto Kongo kati ya Matadi na Kinshasa una maporomoko yasiyopitika, na reli ya kuyazunguka ilimalizika mwaka 1898. Meli zote za mvuke za juu ya mto kabla ya hapo zilipelekwa vipandevipande, kwa njia ya miguu, vichwani na mabegani mwa watu. Conrad mwenyewe aliitembea njia hiyo Juni na Julai 1890, akaandika katika daftari lake kwamba amekutana na maiti njiani. Kisha walikuwako wakata kuni, kwa sababu meli ya mvuke inakula msitu kila siku. Daftari lake la pili, alilolianza Agosti 3 meli ilipoondoka Kinshasa, limejaa visiwa, mafungu ya mchanga, magogo yaliyozama na mahali pa kuchukulia kuni. Ni daftari zuri la ubaharia. Watu hawamo, au wamo kwa mbali sana, kama alama za njia.

Na mwisho wa safari, Septemba 1, meli ilifika Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani. Hapo ndugu zangu ndipo tunapohusika. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1887, Leopold alikuwa amempa cheo cha uwali wa mahali hapo mtu mnayemjua nyote, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip. Mkataba ulifanywa hapa Unguja, na Februari ya mwaka huo yeye na watu wake wakaondoka bandarini hapa pamoja na Stanley, na wapagazi wa Kizanzibari zaidi ya 600, wakazunguka Rasi ya Afrika Kusini mpaka mdomo wa Mto Kongo. Wengi katika wapagazi wale hawakurudi. Watoto wa Mji Mkongwe, wa Ng'ambo, wa mashamba, wamezikwa msitu wa Ituri na kando ya mto ule.

Kwa hiyo meli ile haikufika mahali pa giza pasipo na lugha. Ilifika mahali penye soko, penye misikiti, penye mpunga uliopandwa na watu wa Tippu Tip, penye barua zilizoandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Palikuwa pia na pembe za ndovu zilizopatikana kwa damu, na watu waliotekwa. Sipaki rangi. Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa, na vijiji vilivyochomwa na misafara yake havihitaji Conrad kuvishuhudia. Lakini mtu huyu alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na mwanzoni mwa karne ya ishirini Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin kwa Kiswahili hichohicho na tafsiri ya Kijerumani. Upande wa ukingoni ulikuwa na wasimulizi wake. Na leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hadi Kisangani penyewe.

Hii ndiyo nusu ya pili niliyoisema. Mkongomani anayeishi London, na wako wengi, angelipia chumba kile, angepanda, bendera ikapandishwa kwa ajili yake, akakaa sitahani akiangalia St Paul's. Chini ya miguu yake meli ina jina la mfalme aliyemiliki nchi ya babu yake kama shamba, kuanzia 1885 mpaka 1908. Umbo la chumba limemweka kwenye nafasi ya nahodha. Halikumpa nafasi ya ukingoni, kwa sababu ukingo wa kweli uko maili elfu kadhaa na juu ya paa pana zege tu.

Mwaka 1975 Chinua Achebe alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Massachusetts ambao wasomi bado wanagombana juu yake. Hoja yake, kwa maneno yangu, ilikuwa kwamba Conrad aliifanya Afrika kuwa pazia la nyuma la jukwaa, na Waafrika wakawa vifaa vya jukwaani, ili Mzungu mmoja apate mahali pa kurukwa na akili. Wapo wanaosema alimwonea Conrad, kwa kuwa hadithi ileile inaushambulia ukoloni wa Leopold. Mimi nadhani mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja. Na sisi watu wa mapambo tunapaswa kumsikiliza Achebe kuliko wanafasihi wanavyomsikiliza, maana alichokieleza ni kazi yetu hasa: kupanga vitu nyuma ya mtu mwingine ili yeye aonekane.

Sasa asije mtu akaondoka hapa akidhani nasema ni haramu kupamba kwa vya mbali. Sisi wenyewe ni mabingwa. Ingieni nyumba za mawe za Lamu za karne ya kumi na nane. Mkishapita daka la mlangoni na kiwanda, yaani ua wa ndani, mkavuka msana, ile sebule ndefu, mnafika ndani kabisa, mnakuta ukuta mzima wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, chokaa iliyochorwa kwa kisu cha fundi mpaka ikawa kama lesi. Ndani ya zidaka wenyewe walipanga nini? Mabakuli ya China na sahani za mbali. Nendeni Mambrui, kaburi lenye mnara lilipachikwa mabakuli ya China. Nendeni Kunduchi, hivyohivyo. Babu zetu walilala chini ya nakshi za ugenini wakiwa hai, wakalala chini yake wakiwa wamekufa.

Lakini angalieni walivyofanya. Bakuli lililetwa na biashara, likalipiwa, likawekwa mahali pa heshima kama bakuli. Hakuna aliyemchora Mchina mdogo mwenye mwavuli akamtundika ukutani achekeshe wageni. Chombo kilibaki chombo. Na kwa haki hiyohiyo niseme la upande wa pili: aliyeyafuta vumbi mabakuli yale kila asubuhi mara nyingi alikuwa mtumwa, na hana jina kwenye ukuta wowote wa Lamu. Nyumba zetu nazo zina ukingo wao usioandikwa.

Nije kwenye vyumba vyetu vya leo. Katika hoteli moja ya pwani yetu, ambayo sitaitaja, niliketi mapokezi kwenye kochi lenye mito ya kanga. Kanga yenyewe nilikuwa naifahamu, jina lake WEMA HAUOZI. Aliyeshona alikata pale palipomfaa kwa kipimo cha mto, si pale kanga inapokatika. Neno WEMA lilikuwa limezama kwenye mshono. Lililobaki ni HAUOZI, tena juu chini. Mji wa kanga, ile sehemu ya katikati, ulikuwa umegawanywa kwa mito miwili isiyokaa pamoja, na pindo limetupwa. Ukutani pembeni yake kulikuwa na vinyago vya Kongo na ngao ya Kimaasai, na mezani simba wa mpingo.

Mhudumu aliyeniletea sharubati alikuwa binti wa mtaa wa jirani. Nikamwuliza, mwanangu, mito hii unaionaje? Akatazama nyuma kwanza kama meneja yupo. Kisha akaniambia kwamba kila asubuhi akipanga kochi huigeuza maandishi yaelekee ukutani, kwa sababu bibi yake huvaa kanga ileile na yeye huona haya. Ikifika mchana, mwingine anaigeuza tena.

Binti yule ndiye mwenye nakshi. Ameingia chumbani, na chumba hakikumtarajia. Na hasara si ya hisia zake peke yake. Mgeni aliyekuja kutoka mbali naye amepunjwa, kwa sababu angeweza kulala chini ya maneno yenye maana, yaliyochaguliwa na mtu kumwambia mtu, akaishia kulalia vipande vya rangi.

Wenye hoteli mtaniambia, Mwalimu, wageni ndivyo wanavyotaka. Nawaheshimu, mnalipa mishahara ya watu na kodi za serikali, na najua msimu wa mvua ulivyo. Lakini si kweli kwamba mgeni alitaka kanga iliyokatwa. Mgeni alitaka kitu cha hapa, na sisi tukampa kilichokuwa rahisi kushona. Kanga ikiwa nzima, imetandikwa kichwani pa kitanda cha samadari, jina lake linasomeka, na kando yake kikaratasi kinasema jina hilo hupewa nani na kwa nini, haigharimu zaidi ya mito ile.

Na milango. Mafundi wangu mlio hapa mnachonga milango inayopelekwa kwenye hoteli za ufukweni, mingine inavuka bahari. Mwenye hoteli anajua jina la aliyebuni bwawa lake la kuogelea. Nani anajua jina la fundi wa mlango? Naomba kuanzia sasa kila fundi achonge jina lake na mwaka nyuma ya kizingiti, upande wa ndani, mahali ambapo mgeni akifunga mlango usiku atauona. Mwenye hoteli akikataa, mwulizeni anaogopa nini.

Kuna jambo gumu zaidi, na najua baadhi yenu mtakasirika. Nyumba ya Tippu Tip ipo Shangani, wageni wanaupiga picha mlango wake kila siku. Nimesikia mara kadhaa watu wakipanga kuwa na chumba cha kifahari chenye jina lake, na pembe bandia, na mazulia, na taa za shaba. Sikatai chumba hicho. Ila aliye na ujasiri wa kuandika jina lake mlangoni awe na ujasiri wa kuweka mezani maneno yake mwenyewe, yale aliyoyasimulia kwa Kiswahili, na kando yake habari za waliobebeshwa pembe zile kutoka Manyema mpaka pwani. Mgeni asome vyote viwili kabla ya kuzima taa. Asipopata usingizi, chumba kimefanya kazi.

Ndiyo maana nilisema lile daftari la London ndilo pambo kubwa. Pambo lingine lolote linamwambia mgeni atazame. Daftari linamwambia ajibu. Kama ningekuwa nimeulizwa na wale wabunifu, ningewaomba daftari liwe na kurasa za pande mbili. Upande mmoja waandike wageni wa usiku mmoja. Upande wa pili uwe umekwisha kuandikwa na watu wa Kisangani, kwa Kiswahili, kwa Kilingala, kwa lugha za Wagenya ambao mpaka leo wanavua samaki kwa mitego ya vikapu kwenye maporomoko yaleyale: wanachokiona wao, wakiwa ukingoni, meli inapopita. Mkazi wa London angegeuza ukurasa akakuta anatazamwa.

Na hii ndiyo kazi ninayowapa nyinyi wanafunzi. Chukueni meli ileile, Roi des Belges, siku ileile ya Septemba 1, 1890, mbunie chumba cha kulala watu wawili, lakini kutoka ukingoni. Msiniletee umbo la meli. Nataka kujua kitanda kimeelekea wapi, dirisha linaonyesha nini, taa iko wapi, ni sauti gani inasikika saa kumi na moja alfajiri, na mezani pamewekwa nini cha kusoma. Semeni fundi gani atachonga na atalipwa kiasi gani, na andikeni jina lake kwenye mchoro. Na kila mmoja aonyeshe mchoro wake kwa mtu mmoja wa Kongo kabla ya kunionyesha mimi. Hapa Unguja wapo, Dar es Salaam wapo zaidi, na simu mnazo.

Nashukuru kwa kunivumilia. Sasa tuingie kwenye maswali, na kwa idhini ya mwenyekiti ningeomba waanze mafundi, kwa sababu kwenye vikao vya namna hii huwa wanakumbukwa mwisho.